Msiba Usio na Mkeka

Jumapili, 11 Januari

Huku juu mtandao haushiki mpaka upande kwenye magofu, na mvua ikishaanza mchana hakuna anayetoka tena. Ndiyo maana nimeanza kuandika. Ni wiki yetu ya pili hapa Ipwaga, nyumbani kwa mama mkwe. Cherehani yangu iko chini ya kitanda, nimeifunika nailoni. Gereji aliyokuwa akifanyia kazi mume wangu Rabson kule Uyole imefungwa, na rafiki yake wa utotoni, Edmund, akampigia simu kwamba mashimo ya zamani juu ya mlima bado yana mawe ya dhahabu. Mashimo hayo yalichimbwa na Wazungu enzi za ukoloni, yakaachwa. "Ni masika haya tu, Fausta," ameniambia mume wangu. "Yakiisha, tunarudi mjini."

Kazi yangu ni kuwapelekea chakula cha mchana. Njia inaanzia nyuma ya zizi, inapita kwenye viazi na pareto ya Mama, halafu inapanda mpaka kwenye magofu: kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala saruji, zimezunguka kama mazizi makubwa. Watu wa chuo waliwahi kuja na mikanda yao ya kupimia, wakasema kuta hizo zina miaka mia tano au zaidi. Nani alizijenga, hapa kijijini hakuna anayejua. Ukitoka hapo unafika mgongoni mwa mlima, upepo unakuvua kitenge. Upande mmoja unaona mabati ya Mbeya, upande mwingine bonde la Usangu limelala chini kama bahari ya ukungu. Mashimo yako mbele kidogo.

Mama haongei. Nikipika, chumvi anatia mwenyewe.

Jumatano, 14 Januari

Mvua.

Alhamisi, 15 Januari

Mvua. Mama kaniuliza kwetu Nyololo, kule Mufindi, tunapandaje viazi. Nikamweleza. Akasema, "Ndiyo maana," akaendelea kumenya.

Jumapili, 25 Januari

Baada ya ibada jua lilitoka, Rabson akasema twende nikakuonyeshe ofisi yangu. Tulipanda polepole, kanivusha penye utelezi kama siku za uchumba. Kwenye magofu tulikaa juu ya ukuta, akanionyesha nyumba ya mama yake chini, ndogo kama kiberiti.

"Mama hanipendi," nikamwambia.

"Mama hajui kupenda kwa mdomo. Baba alipofariki hakulia mbele ya watu. Alikwenda shambani akapalilia mpaka giza, watu wakamsema sana."

Kisha tukaenda mgodini. Nilitegemea kitu kikubwa. Ni tundu tu ubavuni mwa mlima, linaingia kwa kulala, halafu linashuka. Ndani wameweka matimba, yaani magogo ya kuzuia mwamba usishuke. Mengine ni mapya, ya mkaratusi. Mengine ni yaleyale ya wakoloni, meusi, na nilipoligusa moja kidole kikazama.

"Haya yameoza, Rabson."

"Wazungu walichimba humu miaka yote hawakufa."

"Umewauliza?"

Akacheka mpaka mwangwi ukarudi kutoka ndani. Akaniambia wakipata pampu ya kuvuta maji watabadilisha matimba yote. Nimeandika haya kwa sababu alikuwa na furaha leo, na nilikuwa nimesahau sura yake ilivyo akiwa na furaha.

Alhamisi, 5 Februari

Viazi vimeingiwa na ugonjwa wa baka. Majani yamekuwa meusi kama yameunguzwa. Mama anayang'oa moja moja bila kulalamika. Nimemsaidia, hakunifukuza.

Alhamisi, 12 Februari

Ukungu tangu asubuhi. Pampu haijaja.

Jumanne, 17 Februari

Nijaribu kuandika kwa mpangilio.

Ijumaa nilipeleka kande, nikawaachia nje ya shimo kwa sababu walikuwa ndani. Niliita, Rabson akaitikia, "Weka hapo mama, tunakuja." Hayo ndiyo maneno. Nikarudi kuwahi mvua.

Nilikuwa shambani nilipomwona Edmund anashuka mbio, matope mpaka kwenye nywele, mkono mmoja unaning'inia. Hakuja kwangu. Aliingia uani kwa Mama. Nilipofika nilimkuta Mama amemshika kifundo cha mkono, Edmund anatazama chini.

"Udongo umeshuka," Mama akaniambia. "Rabson yumo ndani. Ni mzima. Edmund kamsikia akiita."

"Kweli, shemeji?"

"Nimemsikia," akasema, bila kuinua macho.

Kijiji kizima kilipanda. Wanaume walichimba kwa zamu kwenye mvua, wanawake tukapokezana ndoo za matope. Jumamosi walikuja waokoaji kutoka wilayani na pampu mbili. Kila walipopumzika Mama aliwafuata: "Wanangu, yuko hai humo. Msichoke." Nao wakainuka tena. Jumapili jiwe liliporomoka likamvunja mguu Sosthenes, yule kijana mwembamba anayepiga gitaa kanisani. Walimteremsha kwa machela akipiga kelele. Mama akasema, "Msichoke."

Jana maji yalipanda kuliko pampu zinavyovuta, na upande wa ndani ukaanguka wote. Mkubwa wa waokoaji alivua kofia yake akatuambia hawezi kupoteza watu wengine. Pampu zilipozimwa kukawa kimya, nikasikia mvua kwenye majani.

Sijalia. Sijui ninalilia nini, kwa sababu naambiwa yuko hai.

Ijumaa, 20 Februari

Leo akina mama wa kanisani wamekuja kama ilivyo desturi, na kuni, unga, na mikeka kichwani. Mama alisimama mlangoni.

"Hapa hakuna msiba. Rudini na mikeka yenu."

"Mama Rabson," mmoja akasema kwa upole, "tukae tu na wewe."

"Mkikaa kwenye mkeka mnamzika mwanangu. Rudini."

Waliondoka wakinitazama. Nilitaka kuwakimbilia. Nilitaka mtu mmoja aniketishe chini, anifunge kanga kiunoni na kuniambia, lia.

Jumanne, 24 Februari

Mama amefunga ugali na maharage kwenye hotipoti, akapanda mlima peke yake kwenye ukungu. Nilimfuata kwa kuogopa asianguke. Akafika shimoni, pale ambapo sasa ni dimbwi la maji mekundu, akaweka hotipoti kwenye jiwe, akakaa. Baadaye akaibeba ikiwa vilevile, tukarudi, akampa mbwa.

Nadhani amerukwa na akili.

Jumatano, 25 Februari

Tumepanda tena.

Alhamisi, 26 Februari

Tena. Mvua ya mawe.

Jumanne, 3 Machi

Kila siku njia ni ileile: zizi, viazi vilivyokufa, pareto, magofu, mgongo wa mlima, dimbwi. Nimeanza kuyajua mawe kwa sura. Mama anakaa kwenye magofu kuvuta pumzi, mgongo kwenye ukuta, amefumba macho. Nikimwona hivyo namwona ni mzee kweli. Kule nyumbani haonekani mzee.

Leo nilipomkuta amekaa hapo, alifumbua macho akasema, "Kamwene." Salamu ya kwetu! Nilishtuka nikaitikia, "Kamwene, mama." Akasema Rabson alimfundisha, siku alipomwambia anaoa Mufindi. "Nilikataa kuisema ulipokuja," akasema. "Nilikuwa nakusubiri uondoke."

Wakati wa kushuka alinishika bega penye utelezi.

Jumanne, 10 Machi

Nilimpigia dada yangu Matilda kutoka kwenye magofu. Upepo ulikuwa mkali, tulikuwa tunapiga kelele kama watu wa ng'ambo mbili za mto.

"Fausta, rudi nyumbani! Unakaa huko unafanya nini?"

"Nimwachie nani Mama?"

"Wewe ni mjane au si mjane?"

"Sijui!"

Simu ikakatika. Mama alikuwa amekaa karibu, alisikia yote. Akainuka akabeba hotipoti.

Jumatano, 18 Machi

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Bartholomeo, amekuja na Mchungaji Eliezeri. Wilaya imeagiza mashimo yote ya mlimani yafukiwe kabla hayajaua mtu mwingine. Mwenyekiti alisema kwa taabu, anazungusha fimbo yake mikononi.

"Mtamfukia mtu aliye hai?" Mama akauliza.

"Mama Rabson, ni zaidi ya mwezi."

"Wewe umemwona amekufa?"

"Sijamwona."

"Nani amemwona?"

Mchungaji akaomba tusali, Mama akatoka nje kulisha kuku. Mwenyekiti ameahidi kusubiri mpaka baada ya Pasaka.

Nilisikia fahari. Nataka kuandika hilo wazi. Nilimwona mwanamke mmoja amewazuia wote, nikafikiri, labda anajua kitu ambacho sisi hatukijui. Kwa mara ya kwanza niliwaza Rabson amekaa mahali pakavu ndani ya mlima, anasubiri. Nikapika kande mwenyewe, nikatia chumvi mwenyewe. Mama akaifunga kwenye hotipoti.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Mvua. Tumepanda.

Jumapili ya Pasaka, 5 Aprili

Wamoravian wa hapa husali alfajiri ya Pasaka makaburini. Kwetu kwa Walutheri wa Nyololo sikuwahi kuona. Kila familia inafyeka kaburi lake na kulisafisha, wanasimama hapo kusubiri jua, tarumbeta zinapigwa. Mama hakwenda, hata kwa baba mkwe. Nilikwenda mimi. Nikafagia kaburi la baba mkwe, halafu nikabaki nimeshika ufagio. Kila mtu alikuwa na mahali pa kusimama. Nilisimama njiani.

Edmund alikuwa peke yake nyuma ya miti, mkono bado kwenye kitambaa. Tangu ile siku anapita mbali na nyumba yetu. Mchungaji aliposema Bwana amefufuka, na watu wakaitikia, nilimwona anaondoka haraka kuelekea mlimani. Nikamfuata mpaka kwenye magofu. Alikuwa ameinamia ukuta, anatapika.

"Shemeji," nikamwambia, "ulimsikia akisema nini? Siku ile. Aliita jina la nani?"

Akajifuta mdomo. Akanitazama, mara ya kwanza tangu Februari.

"Hakuita."

"Uliniambia ulimsikia."

"Hakuita, shemeji. Jiwe lilimpiga hapa." Akaweka mkono kifuani. "Taa yangu ilikuwa inawaka. Nilimvuta, hakuvutika. Alinitazama kidogo tu, akakata roho. Nilimfumba macho kwa mkono wangu huu. Ndipo udongo mwingine ukaja, nikakimbia."

Niliketi kwenye majani mabichi. Nikamuuliza kwa nini. Akalia kama mtoto.

"Nilimwambia Mama vilevile nilivyokuambia. Akanishika mkono, akasema, ukisema hivyo mbele ya watu, mimi na wewe basi. Sema umemsikia. Mara wewe ukatokea."

Nilishuka peke yangu. Nyumbani nilimkuta Mama anafunga hotipoti.

Nilikwenda naye. Nilipanda nyuma yake njia nzima nikitazama visigino vyake vilivyopasuka, na sikuweza kufungua mdomo.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimeufungua leo. Alikuwa anachambua maharage.

"Edmund kaniambia."

Mikono yake ikasimama, kisha ikaendelea.

"Ulijua," nikasema. "Siku ile ile ulijua."

"Nilijua."

"Umeninyima kulia, Mama! Nimepeleka chakula! Nimekaa mbele ya lile dimbwi namwombea mtu apate hewa!"

"Kaa chini."

"Sikai!"

"Basi sikia ukiwa umesimama. Ningesema amekufa, nani angeingia? Kwa mtu aliye hai wanaume wanaingia shimoni. Kwa maiti wanasimama juu wanavua kofia. Nilitaka wanitolee mwanangu. Nilitaka nimwoshe."

"Na Sosthenes je? Mguu wake?"

Mvua ilikuwa imeanza kwenye bati.

"Ule mguu nauona kila siku," akasema.

"Walipoacha kuchimba, mbona hukusema?"

"Nilishasema yuko hai mbele ya watu wote. Neno la namna ile unalirudishaje? Na tena..." Akasukuma ungo pembeni. "Tena msiba ukishaisha, mkamwana asiye na mtoto anarudi kwao. Ndiyo desturi, hata mimi ningekuambia nenda. Nikafikiri, asubiri kidogo. Asubiri kidogo tu."

Nilitoka nikasimama kwenye mvua nyuma ya zizi. Nilimchukia, na nilitaka anifuate aniambie tena neno kama lile la "asubiri kidogo tu". Sijui watu wanaishi vipi na vitu viwili hivi kwa pamoja.

Jumatano, 8 Aprili

Nimekwenda kwa Mwenyekiti na Edmund. Sikumwomba Mama ruhusa. Nilimwambia tu, "Nakwenda kusema mume wangu amekufa," akageuza uso ukutani.

Edmund alisema yeye ndiye aliyedanganya, kwa woga. Sikutegemea. Nikafungua mdomo kumsahihisha, akanikanyaga mguu chini ya meza. Mzee Bartholomeo alituangalia mmoja mmoja. "Kijana mmoja ni kilema kwa sababu ya maneno yako," akamwambia. "Ndiyo, mzee," akasema Edmund.

Nikapita kwa akina mama wa kanisani. "Leteni mikeka," nikawaambia nikiwa bado mlangoni.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimelia. Wamenifunga kanga, wamenikalisha kwenye mkeka, wameniimbia. Matilda amefika kutoka Nyololo, kaniogesha kama mtoto mchanga. Wanaume wamewasha moto uani. Hakuna aliyempa Edmund nafasi pale motoni, anasimama mvuani karibu na zizi.

Mama yuko chumbani kwake. Hajatoka, hajala, hajasema na mimi.

Alhamisi, 16 Aprili

Wamelifukia shimo. Walitumia mawe na udongo, na mzee Bartholomeo aliwakataza kuchukua hata jiwe moja kutoka kwenye magofu ingawa yalikuwa karibu. Mchungaji alisoma maneno ya mazishi. Wakaniambia nitupe udongo wa kwanza. Ulikuwa matope, ukaganda kwenye kiganja, ikabidi niukung'ute.

Mama hakuja. Kutoka mgongoni mwa mlima nilimwona chini, doa jeusi kwenye shamba la pareto, ameinama anachuma.

Jumatatu, 20 Aprili

Matilda ameondoka. Nitamfuata tukishamaliza arobaini.

Alhamisi, 30 Aprili

Mama alitoka asubuhi na gunia la viazi vilivyonusurika, amelibeba mgongoni mwenyewe. Nikauliza anakwenda wapi. "Kwa kina Sosthenes." Nikasema nimsaidie. "Huu mzigo si wako."

Alirudi jioni ameloa, akaenda moja kwa moja kulala. Baadaye Edmund alipiga hodi. Alikaa kwenye kigoda, anavuta kamasi. "Amewaambia," akasema. "Mbele ya mama yake Sosthenes na majirani. Amesema mimi sikudanganya, yeye ndiye aliyenitia maneno mdomoni."

"Wamesemaje?"

"Mama yake Sosthenes amemfukuza. Halafu akamfuata njiani, amempa mwavuli. Mama hakuupokea."

Jumapili, 10 Mei

Mvua zinakatika. Baridi imeanza, kinywani mvuke. Mama amekwenda kanisani akakaa benchi la mwisho. Hakuna aliyekaa pembeni yake ila mimi.

Jumatano, 20 Mei

Jana tulimaliza arobaini, kwa kuhesabu tangu siku ya mikeka. Ndugu wa ukoo walikaa, wakaniuliza ninataka nini. Nikasema kurudi kwetu. Walinishukuru, wakaniruhusu. Mama alikuwa kwenye kona. Nilimwomba mbele yao twende wote. Akatikisa kichwa.

Jumamosi, 23 Mei

Naandika haya Uyole, kwenye chumba cha rafiki, malori yananguruma nje; kesho napanda basi la Nyololo.

Asubuhi Edmund alitangulia na cherehani barabarani. Nilibisha mlango wa Mama kumuaga, kimya. Nikajitwika begi. Nilikuwa nimeshatoka uani niliposikia hatua nyuma yangu. Mama, amevaa kitenge chake cha kanisani, fimbo mkononi. Hakunisalimia, akapita mbele akaongoza.

Tulishuka hivyo mpaka karibu na barabara. Manyunyu yalikuwa yameanza, yale ya kumalizia masika. Pale kisimani tulikutana na mwanamke mmoja na mzigo wake, anapandisha. Alikuwa Tunduma kwa bintiye tangu mwaka jana, hajasikia lolote. Alifurahi sana kumwona Mama. Wakasalimiana kirefu kwa Kisafwa, watoto, mashamba, afya, halafu akanigeukia akauliza kwa Kiswahili, kwa heshima yangu mgeni:

"Na Rabson hajambo? Bado yuko mjini?"

Nilivuta pumzi kujibu. Mama akaweka mkono wake juu ya mkono wangu.

"Rabson amefariki," akasema. "Alifariki mwezi wa pili, mgodini. Huyu ni mke wake. Namsindikiza kwao."

Yule mwanamke akautua mzigo wake chini kwenye matope, akaanza kulia kwa sauti. Na Mama, ambaye tangu Februari sikuwahi kumwona hata chozi, akakaa pale pale kando ya njia kwenye majani yaliyoloa, akalia naye. Nikatua begi langu. Nikakaa katikati yao.